Vidole Viwili Juu ya Ardhi

Jina la Mama Pindo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Kila alipoitwa kwenye ua wa mtu kutazama kazi, alisimama kwanza, mikono kiunoni, akaitazama bustani ilivyomwagika ovyo kwenye njia, halafu akasema, "Nguo nzuri hii, ila haijapigwa pindo." Wateja wakacheka, wakalishika neno, na baada ya miaka michache hata kadi za harusi zilimfikia hivyo: Mama Pindo na familia.

Na kweli kazi yake ilikuwa kupiga pindo. Maua alipanda mara mojamoja, majani alikata akiombwa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kingo. Mawe bapa, matofali, vipande vya vigae, hata chupa zilizopinduliwa kichwa chini kama mwenye ua hana kingine. Alivipanga mpaka udongo ukajua unapoishia na njia ikajua inapoanzia. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kuibadilisha. Ukingo lazima usimame vidole viwili juu ya ardhi. Alilaza kidole cha shahada na cha kati ubavuni mwa jiwe, akafumba jicho moja, akapima. Kidole kimoja ni uvivu, alisema, vitatu ni majivuno.

"Na ukingo usioonekana," alizoea kuongeza, "umeuweka wa nini?"

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na yeye mwenyewe alianza maisha akiwa mfagiaji wa hospitali. Pale hospitalini palikuwa na vitalu vya maua mbele ya wodi ya wanaume, na kila mvua ikinyesha udongo ulihamia njiani. Asubuhi akaufagia, akaurudisha. Ikanyesha tena, ukarudi tena. Siku moja akachoka kufagia udongo uleule. Akaokota matofali ya stoo iliyobomolewa, akayapanga kuzunguka vitalu vyote vinne, wakati wake wa mapumziko, bila kumuuliza mtu. Siku ya tatu nesi mkuu akapita, akasimama, akauliza kwa sauti ya wodi nzima, "Nani kafanya hivi?" Mfagiaji akajua kibarua kimeota nyasi. Akajitokeza, roho mkononi. Yule nesi akamwangalia, akasema, "Njoo unifanyie na nyumbani kwangu."

Ndivyo alivyomfahamu Sista. Miaka mingi imepita tangu hapo. Sista amestaafu, Mama Pindo ana mikono migumu kama gome na magoti yanayolia akiinama, na siku hizi anafanya kazi na mkwe wake, mke wa kifungua mimba wake, mwanamke mwenye mabega mapana na mdomo usiopoa. Mkwe anasukuma toroli na kuchanganya saruji. Mama Pindo anapanga. Wanagombana kutwa nzima na kurudi nyumbani pamoja wakicheka.

Sista alipompigia simu mara hii, sauti yake haikuwa ile ya wodi nzima.

"Mama Pindo, njoo. Nina kitu hapa uani hakijaisha, na kisipoisha sijui nitafanyaje."

Wakaenda asubuhi yake. Nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na kamba za kuanikia nguo, pamelazwa zulia la nyasi bandia, la kijani kibichi, fupi kama nywele zilizonyolewa juzi. Limekatwa umbo la kupindapinda. Katikati kuna kishimo cha duara na kibendera chekundu. Ni kiwanja kidogo cha gofu, cha kugongea mpira mpaka uingie shimoni. Kingo za zulia zilikuwa wazi, zimekatwa kwa kisu na kuachwa, nyuzi zinaning'inia, na chini yake unaona kokoto na kifusi.

"Mbona kama soksi iliyofuliwa vibaya?" mkwe akauliza.

"Ni umbo la figo," Sista akasema, maana alikuwa nesi, na nesi huona viungo kila mahali.

Kisha akawakalisha jikoni, akawaeleza. Mumewe alipatwa na kiharusi miezi minane nyuma. Upande wa kushoto ukalala. Mkono umerudi kidogo, maneno yanakuja moja moja kama watu wanaotoka msikitini au kanisani wakitafuta viatu na mwavuli, na mguu unaburuta. Mtaalamu wa mazoezi amesema wazi: mguu huu usipotembezwa sasa, miezi hii hii, utasahau kazi yake na hautakumbushika tena. Lakini mzee hataki kutoka. Anatoka kitandani mpaka kwenye kiti, anatoka kwenye kiti mpaka kitandani.

"Yeye alikuwa mpima ardhi," Sista akasema. "Mtu wa kutembea porini na vyombo vyake siku kutwa. Na Jumamosi gofu. Watoto wakasema, mama, mletee gofu nyumbani, atainuka. Wakatuma mafundi, wakalaza zulia, wakaondoka. Mimi nikamwambia, baba watoto, twende basi. Unajua kanijibu nini? 'Halijaisha.' Kila siku nikimwambia, 'Halijaisha.' Basi nikasema, nitakuita wewe ulimalize, tuone atasema nini tena."

Akageuza uso, akajifanya anatafuta sukari iliyokuwa mbele yake.

Mama Pindo alitoka nje, akasimama penye zulia, akainamisha kichwa. Hakuwahi kuanza kazi bila kumwomba Mungu, na maombi yake yalikuwa mafupi, kwa kuwa aliamini Mungu naye ana shughuli. *Bwana, ninyooshee mkono. Mzee huyu atoke nje.* Akafunga kilemba, akaomba sururu.

Kwa mstari ulionyooka fundi huvuta uzi kutoka kigingi hadi kigingi. Lakini figo haina mahali paliponyooka. Kwa hiyo Mama Pindo alichukua mpira wa kumwagilia maji, akauanika juani mpaka ukalainika, akaulaza kuzunguka zulia na kuusogeza kwa ncha ya kidole, hapa kidogo, pale kidogo, hadi ukakaa kama unavyokaa mkufu shingoni. Kisha akachimba mfereji mwembamba akiufuata. Mkwe akaleta mchanga, akaleta saruji, akaleta mawe bapa ya kijivu aliyoyachagua mwenyewe. Jiwe la kwanza Mama Pindo aliliweka mkabala na mlango wa nyuma, pale ambapo Sista alijengesha mteremko wa zege badala ya ngazi. Akaligonga kwa nyundo ya mpira. Akalaza vidole viwili. Sawasawa.

Ko-ko-ko.

Wakageuka. Dirishani, nyuma ya kioo, alisimama mzee mrefu aliyekonda, ameegemea fremu, ameinua mkongojo. Ncha yake iligonga kioo tena. Ko-ko. Ikaelekea kwenye lile jiwe.

"Shikamoo, Mzee!" Mama Pindo akaita.

Mzee hakuitikia. Alinyanyua kiganja cha mkono wa kulia, akakishusha taratibu. Akakinyanyua, akakishusha.

"Anasema tuketi tupumzike," mkwe akanong'ona. "Mzee mwenye busara sana yule."

"We binti, acha maskhara. Mpima ardhi huyo. Kaona kona haijakaa."

Akaling'oa jiwe, akaligeuza kidogo kufuata mviringo, akaligonga tena. Akatazama dirishani. Mzee alitikisa kichwa, akakishusha kiganja tena, halafu akaliacha pazia lianguke.

Mchana Sista alikuja na chai, macho yanang'aa. "Mmeona? Ameinuka mwenyewe! Sijamshika. Nimesikia kitu kinagonga, nakwenda, namkuta dirishani!"

"Anasemaje kuhusu kazi?"

"Anasema, 'Siyo hivyo.' Namuuliza siyo vipi, baba watoto, ananyamaza. Ndivyo alivyo siku hizi. Lakini msijali, mama, endeleeni. Hata akigomba, mimi nashukuru."

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kila jiwe lililowekwa mbele ya ule mteremko, ko-ko-ko. Upande wa mbali, kwenye kona ngumu kabisa ambako figo inajikunja kwa ndani, mzee hakugonga hata mara moja. Mama Pindo hakuliona hilo. Alichoona ni kwamba mtu wa vipimo amemkosoa kazi, na miaka hii yote hakuna aliyemkosoa mviringo. Akang'oa mawe ya mbele mara ya pili, akaulaza mpira wa maji upya, akapima kutoka kwenye kibendera kwa kamba. Akayarudisha. Ko-ko-ko.

"Mama," mkwe akasema akijifuta jasho, "huyu mzee ana gubu. Tungekuwa tunajenga mnara tungeshafika mawinguni."

"Ameumwa, mwanangu. Mtu aliyeumwa huchagua hata mto wa kulalia."

"Basi achague kwa mdomo."

"Mdomo ndio ulioumwa."

Mkwe akanyamaza kwa muda mrefu, maana yake kama dakika mbili.

Siku ya tatu kabla ya saa sita pindo likakamilika. Mama Pindo alitandaza mchanga laini kati ya mteremko na zulia, tayari kwa kokoto, akausawazisha kwa ubao. Akasimama mbali kidogo, akautazama mviringo wote. Alikuwa amefanya kazi kwenye nyua za matajiri na kwenye ofisi zenye walinzi, lakini hii ilitia fora. Mawe yalikwenda moja baada ya jingine kama meno ya mtu mwenye afya, vidole viwili juu ya ardhi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na zulia limetulia ndani yake, nyuzi zote zimefichwa. Akamshukuru Mungu. Akaona, mbele ya hili hata mpima ardhi hatakuwa na neno.

Sista naye alikuwa amejiandaa. Alimvalisha mumewe suruali ya kaki, kofia yake ya zamani, na viatu vya kuchezea, vile vyenye soli ya mpira mweusi. Akamshika mkono wa kushoto, mzee akashika mkongojo kwa kulia, wakateremka polepole kwenye zege. Mama Pindo na mkwe wakajisogeza kando, mikono imefungwa mbele kama watoto wa shule wanaongojea mkaguzi.

Mzee akafika kwenye mawe. Akasimama.

"Haya, baba watoto," Sista akasema kwa upole. "Limeisha sasa. Ingia."

Mzee alitazama mawe. Akatazama kibendera. Mguu wake ukasogea kidogo, kisha ukatulia. Akafumbua mdomo, neno likachelewa, likaja.

"Kona," akasema. "Si sawa."

"Kona gani, mume wangu?"

"Si sawa!"

Akageuka, akaanza kupanda mteremko kwa haraka kuliko uwezo wake, Sista akimkimbilia kumdaka kiwiko. Mlango ukafungwa. Baada ya kitambo kidogo wakasikia maji ya bomba yanafunguliwa jikoni, yanamwagika tu, hakuna chombo kinachooshwa.

"Sista analia," mkwe akasema, bila mzaha safari hii.

Mama Pindo alipindua ndoo, akaikalia. Kifua kilimjaa. Kwanza ilikuwa hasira, na alijua ni hasira, akamwomba Mungu amwondolee. Kona ilikuwa sawa! Aliitazama kutoka alipokaa, akaitazama tena akiwa ameinama, shavu likikaribia ardhi. Haikuwa na kasoro hata ya unywele. Mbona basi mtu aliyepima nchi nzima kwa miguu yake aseme uongo mbele ya mkewe?

Ndipo alipouona mchanga.

Alikuwa ameusawazisha kwa ubao, haukuwa na alama hata ya kuku. Sasa ulikuwa na njia. Nyayo za Sista, fupi na za haraka. Tundu za mkongojo. Nyayo za kiatu cha kulia cha mzee, kamili, kisigino na vidole. Na upande wa kushoto hapakuwa na unyayo kabisa. Palikuwa na mfereji. Mstari mmoja mrefu, kama uliochorwa kwa kijiti, ulioanzia pale zege linapoishia ukaja moja kwa moja mpaka kwenye jiwe. Hapo mchanga ulikuwa umesukumwa, umerundikana kidogo. Na ubavuni mwa jiwe, chini kabisa, kulikuwa na doa jeusi la soli ya mpira.

Mguu ulijaribu. Uliligonga jiwe, ukasimama.

Mama Pindo akaweka vidole viwili ubavuni mwa lile jiwe, kama alivyozoea. Doa halikufika hata nusu ya kidole cha kwanza.

Akakaa hapo, vidole vyake viwili vikiwa juu ya jiwe, na kile kiganja cha dirishani kikamrudia akilini. Juu, chini. Juu, chini. *Shusha. Shusha.* Siku tatu mtu anamwambia shusha, na yeye anageuza kona. Na kwa nini hakusema kwa mdomo? Mama Pindo alifagia wodi ya wanaume miaka kumi na moja, alijua. Aliwaona wanaume wazima waliogeuzia ukuta nyuso zao wakati wa kuogeshwa. Maumivu waliyasema, hilo la kushindwa kitu kidogo hawakulisema. Mwanamume anaweza kumwambia mkewe kwamba kona si sawa. Kumwambia kwamba mguu umeshindwa kuvuka jiwe la vidole viwili, hilo ni zito.

"Mwanangu," akamwambia mkwe, "leta tindo."

"Tindo ya nini?"

"Tunang'oa."

"Kona?"

"Yote."

Mkwe akakaa chini palepale alipokuwa, kwenye mchanga. "Mama. Saruji imeshashika. Mawe sitini na ngapi haya? Mgongo wangu umeolewa na mwanao, haukuolewa na figo ya Sista!"

"Tunayashusha mpaka yalingane na zulia. Mtu akipita asijue kapita."

"Ukingo usioonekana," mkwe akasema, akiiga sauti ya mama mkwe wake kwa ukamilifu, mikono kiunoni, "umeuweka wa nini?"

Mama Pindo hakuweza kujizuia, akacheka mpaka machozi. Kisha akaingia jikoni.

Sista alifunga bomba. Macho yake yalikuwa mekundu. Mama Pindo hakupenda kusema uongo, hata ule mdogo unaosemwa kwa wagonjwa, na njiani kutoka nje hadi jikoni alikuwa akitafuta neno la kweli ambalo halikuwa siri ya mtu mwingine. Akalipata kwenye rafu, ndani ya bakuli: mipira midogo myeupe.

"Sista, nipe huu mmoja. Njoo uone."

Wakatoka. Mama Pindo akachuchumaa, akauviringisha mpira kutoka kwenye kibendera. Ukaenda vizuri, ukagonga mawe, tak, ukarudi.

"Umeona? Mawe yamekaa juu mno. Kwenye kiwanja cha kweli, mpira ukipita mwisho unaendelea na safari. Kosa ni langu. Nipe siku mbili."

"Lakini yalivyopendeza!"

"Yamependeza, ndiyo. Hayafai."

Sista akamtazama kwa muda. Alikuwa nesi miaka mingi, na huenda alisikia zaidi ya alichoambiwa. Alisema tu, "Siku mbili, dada yangu. Hata tatu."

Kung'oa kulikuwa kazi. Mawe saba yalivunjika, mengine yakang'oka na mabonge ya saruji ambayo mkwe aliyabandua akihesabu kwa sauti watu waliomkosea tangu utotoni, jina moja kila pigo. Lakini kwa Mama Pindo ugumu ulikuwa kwingine. Mikono yake haikujua. Alishusha jiwe, akaligonga, akaridhika, akaweka ubao juu yake, kumbe limesimama kidole kizima. Aligonga tena. Jiwe la pili vilevile. Mikono ilikuwa inatafuta sifa zake ilizozizoea.

Akamkumbuka mama yake kwenye cherehani. Alipokuwa msichana mama alimfundisha pindo la kuficha, lile la sindano ya mkono, ambalo sindano inachukua uzi mmoja tu wa kitambaa, na kwa nje huoni mshono hata ukitafuta. Alilichukia. Alisema, mama, kazi yote hii na hakuna atakayeiona? Mama yake alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, akasema, "Ataivaa mtu, mwanangu," akaendelea kushona.

Sasa, magoti mchangani, binti yake alilishusha jiwe la tatu mpaka likazama, na likapotea.

Mchana akafika sehemu ya mbele. Hapo pimamaji halikutosha. Akavua viatu vya kazi, akavaa viatu vyake vya njiani vyenye soli laini, akasimama mwisho wa zege. Akaulegeza mguu wa kushoto, akauacha uburute, akavuka. Soli ikakwama kidogo kwenye jiwe la nne. Akalishusha. Akarudi, akaburuta tena. Likakwama la tano. Akalishusha. Akaburuta.

Alipoinua macho, mzee alikuwa dirishani.

Hakugonga. Alisimama na mkongojo wake, akimtazama mwanamke mzima aliyevaa kilemba akitembea kama yeye, mguu mmoja ukichora mchanga. Mama Pindo akaganda. *Ee Mungu, ataona namcheza shere.* Akafungua mdomo aeleze, lakini kuna kioo kati yao, na ungeeleza vipi jambo hilo kwa kupiga kelele uani? Pazia likaanguka.

"Umeharibu, mama," mkwe akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeharibu," akakubali.

Saa zilizobaki za siku hiyo dirisha halikufunguliwa pazia. Mama Pindo alifanya kazi bila kuimba, na yeye ni mtu wa kuimba. Asubuhi ya siku ya pili Sista alisema mumewe hajala vizuri, amelala ameelekea ukutani. Basi. Pindo lilikuwa limekwisha, ukutani hakuna dirisha, na Mama Pindo akaona kwamba amemshushia mzee mawe kwa mkono mmoja na kumpandishia ukuta kwa mkono wa pili.

Yalibaki mapambo. Mkwe alimwaga kokoto nyeupe nje ya mawe. Sista alitaka kichaka cha maua mekundu karibu, Mama Pindo akakataa kata kata: maua yale hupukutika, na zulia la nyasi bandia halili majani makavu, utafagia mpaka uzeeke. Akapanda mimea mifupi yenye majani manene, isiyodondosha kitu, isiyohitaji hata kumwagiliwa sana. Alianzia upande wa mbali, kwenye ile kona ngumu, amepiga magoti, mgongo ameupa mlango. Mkwe alikuwa mbele ya nyumba akiosha toroli. Midomo ya Mama Pindo ilikuwa inacheza kimya kimya, kama inavyokuwa kwa mtu anayeomba huku mikono iko kazini.

Kwanza akasikia mkongojo juu ya zege. Tok. Halafu sauti ndefu nyembamba, kama ufagio mmoja unaopita polepole. Tok. Ufagio. Tok. Ufagio.

Hakugeuka. Alikuwa na mmea mkononi, mizizi inaning'inia, na hakuthubutu kuupanda wala kuuweka chini.

Sauti ikafika kwenye kokoto, pale mkwe alipoacha njia nyembamba ya mchanga ulioshindiliwa. Tok. Ufagio. Tok. Ufagio ukaendelea, na haukukwama. Ukabadilika tu, ukawa laini, kama unapita juu ya blanketi.

"Fundi."

Akageuka. Mzee alikuwa amesimama ndani ya zulia, peke yake, na pajama, na kofia ya gofu. Nyuma yake mstari ulikuja kutoka kwenye zege ukafika kwenye mawe, ukapotea.

"Naam, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akavuta pumzi. Maneno yalikuja moja moja, na yeye aliyasubiri bila kuyakimbiza. "Jana. Ulikuwa. Unapima."

"Nilikuwa napima, Mzee. Nisamehe. Sikuwa na kipimo kingine."

Mzee akafikiri.

"Mimi," akasema, "nilipima. Kwa hatua. Porini. Vyombo vikiharibika." Upande mmoja wa mdomo ukainuka. "Ni kipimo. Kizuri."

Fimbo ya gofu ilikuwa imeegemezwa kwenye kibendera tangu siku ile ya kwanza. Mama Pindo akampa bila kuambiwa, akauweka ule mpira mweupe karibu na kiatu chake, akarudi penye mimea yake. Mzee akabadilisha mikono, mkongojo kushoto, fimbo kulia, akayumba, akatulia. Ndani ya nyumba bomba la jikoni lilikuwa limefungwa, na nyuma ya kioo cha dirisha Sista alikuwa amesimama, mikono miwili mdomoni.

Mzee akagonga. Mpira ukakikosa kishimo kwa mbali kabisa, ukapita kibendera, ukaenda, ukavuka mawe bila sauti yoyote, ukaingia kwenye kokoto, ukasimama.

Mama Pindo akanyanyua goti moja ainuke amletee. Mzee alinyanyua kiganja, akakishusha taratibu, kama vile dirishani.

Safari hii alielewa mara moja. Akarudisha goti chini, akaendelea kupanda, na mzee akaanza safari ya kuufuata mpira wake.